Mtu wa Karatasi na Bastola Tano

Asubuhi ya Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, Orval Stumbo alikuwa amekaa jikoni anatoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari. Mkanda ulikuwa na matundu saba tayari, matano ya kiwandani na mawili ya kwake mwenyewe. Hili lilikuwa la nane. Bastola yake ya zamani, ile ya chuma tupu, ya kaliba ya arobaini na tano, ilikuwa imeanza kumvuta suruali upande wa kulia kila akisimama, na Jumapili iliyopita kanisani, wimbo wa pili, ubeti wa tatu, suruali ilimshuka mpaka magotini. Watu waliendelea kuimba. Mchungaji alifumba macho akaanza kuomba kabla ya zamu ya kuomba.

Nadine, mkewe, alikuwa anakoroga sufuria ya maharage ya nyama, kubwa ya kuogeshea mtoto, kwa ajili ya watu wa klabu.

"Leo utamwambia," alisema bila kugeuka.

"Nimwambie nani?"

"Usiniulize nani, we mzee. Unamjua."

Orval alimjua. Alikuwa Lonzo Fugate, jirani, fundi wa kuvalisha farasi viatu.

Ilikuwa hivi. Pale Caney Lick, bondeni kule milima ya Kentucky, watu hawagongi mlango. Mtu akija kwako anasimama barabarani, anapiga honi, anakaa ndani ya gari mpaka utoke. Ndivyo walivyolelewa. Sasa Januari ya mwaka juzi, saa kumi na mbili jioni, theluji inaanguka, ng'ombe wa Orval anayeitwa Pansy alivunja uzio akatoka. Lonzo alikuwa anapita, akamwona. Honi yake ilikuwa mbovu. Akapanda ngazi za baraza, akagonga. Orval, ambaye tangu azaliwe alikuwa hajawahi kugongewa, alifyatua mara moja kupitia mlangoni, halafu akauliza nani.

"Ni Lonzo," sauti ikajibu kutoka nje. "Ng'ombe wako yuko barabarani." Kisha Lonzo akakaa chini kwenye ngazi.

Sherifu alikuja, akalipima lile tundu la mlangoni kwa rula, akasema sheria iko upande wa mwenye nyumba, akanywa kahawa vikombe viwili. Mkono wa kulia wa Lonzo haukunyanyuka tena tangu siku hiyo. Farasi havalishwi viatu kwa mkono mmoja, hakubali. Na miaka miwili ikapita, Orval hajasema samahani.

Si kwamba hakutaka. Neno alikuwa nalo. Alilibeba kila mahali, kama alivyobeba bastola, ila hili lilikaa kooni na halikutaka kutoka. Akikutana na Lonzo anafungua mdomo, anasema, "Mvua hii, Lonzo." Na Lonzo anasubiri kidogo, anaona hakuna kingine, anasema, "Mvua kweli, mzee."

Kwa hiyo Nadine aliacha kupika keki ya matabaka. Ile yenye matabaka saba, kila tabaka limepakwa matofaa yaliyokaushwa juani yakapikwa na mdalasini, inakaa siku mbili imefunikwa mpaka inalainika yenyewe. Aliyapandisha mabati yote saba ya kuokea juu ya kabati na kusema yatashuka siku neno litakapotoka. Orval alikuwa amekonda. Ndiyo maana ya matundu ya mkanda.

"Nitamwambia," alisema Orval, akapuliza vumbi la ngozi kwenye meza.

"Beba sufuria basi," alisema Nadine.

Klabu ya Shabaha ya Caney Lick iko nyuma ya kanisa, ng'ambo ya kijito, pale walipochonga ubavu wa mlima ili risasi zisiende kwa watu. Kila Oktoba wanafanya Siku ya Kulinganisha. Royce Amburgey, mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia mbwa, anatandika meza kitambaa cha kijani, anapanga bastola tano za mwaka huo, na kila mwanachama anapewa daftari dogo na penseli. Unapiga, unavaa, unaandika. Jioni kila mtu anajua atabeba ipi.

Maana kupiga ni nusu tu. Nusu nyingine ni kubeba. Iko bastola inapiga vizuri mpaka unataka kuimba, halafu ukiivaa inakung'ata ubavu siku nzima kama mkwe. Basi wana majaribio yao. Unaivaa chini ya shati, unaingia kwenye pikapu na kutoka mara tatu. Unainama kufunga kamba za viatu. Unakula sahani nzima ya maharage ya Nadine, maana tumbo la kabla ya maharage si tumbo la baada yake. Mwisho kabisa unakumbatiwa. Mtu anakuja anakukumbatia kwa nguvu zote, halafu anakwambia kama ameisikia au hajaisikia. Hawa ni wanaume ambao mwaka mzima wanasalimiana kwa kunyanyua kidole kimoja kwenye usukani. Siku hiyo wanakumbatiana mpaka kofia zinadondoka, na wengine wanarudia wakisema hawakuwa na uhakika.

Lonzo alikuwa kule mbele anatundika watu wa karatasi. Royce alimpa kazi hiyo baada ya farasi kumkataa, na Royce mpaka leo anapenda kuitaja. Lonzo anashika karatasi kwa meno, anaibana na pini kwa mkono wa kushoto, anakwenda kwenye njia ya kupigia inayofuata. Watu wenyewe ni weusi, wakubwa sawa na mtu, kuanzia kiunoni kwenda juu, na maduara kifuani yenye namba.

"Mzee Orval!" alipaza sauti alipomwona. "Leo umekuja na suruali?"

"Ninayo," alisema Orval.

"Ishikilie basi, kuna watoto wa Mungu hapa."

Watu wakacheka. Orval naye akacheka. Neno likapanda mpaka kwenye ulimi. "Jua zuri, Lonzo," alisema.

Lonzo alisubiri kidogo. "Jua zuri, mzee."

Royce akapanda juu ya kreti akasoma sheria, kama kila mwaka. Hakuna kufyatua, hapa au nyumbani kwako, bila miwani ya kinga machoni na vizibo masikioni. Hakuna kuvuka mstari mwekundu. Akatazama kila mtu usoni. "Nyumbani pia," alirudia. "Masikio hayaoti tena." Lonzo aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kufuata sheria.

Wakaanza. Orval alikuwa njia ya nne. Bastola ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nyeusi, ya milimita tisa, haina sura, kama kipande cha bomba la maji, lakini inafyatuka kila ukiiambia na haiulizi. Akapiga tano. Ya pili ilikuwa ya chuma, ndefu, nzito kidogo, na teke lake lilikuwa kama mtu anayekugusa bega akitaka kupita. Akapiga tano, akatabasamu peke yake.

Royce akapuliza filimbi, silaha zikawekwa chini. Ndipo yule mtu wa karatasi wa njia ya nne alijibandua pini mwenyewe, moja moja, akajinyoosha pembe, akaja. Kwa kuwa hakuwa na miguu alitembea kwa ukingo wa chini, akipepea kama shati kwenye kamba.

"Samahani, wazee," alisema alipofika kwenye mstari mwekundu.

Orval aliona jinsi neno lilivyomtoka kirahisi.

"Miwani," alisema Royce.

Wakamtafutia miwani. Haikukaa kwa sababu uso wake ulikuwa bapa, kwa hiyo Nadine aliibandika kwa selotepu. Vizibo vya masikio navyo vikabandikwa. Royce akaridhika. "Haya, sema."

"Nawaona mnaandika ya huku nyuma tu," alisema mtu wa karatasi. "Uzito, teke, kifyatulio. Hakuna anayeandika ya mbele."

Wanachama walitazamana. Ilikuwa hoja. Mmoja alisema ameshangaa hakuna aliyelifikiria kabla, miaka yote hii.

"Ya kwanza ile," alisema mtu wa karatasi, "inaingia haraka na haina adabu, lakini haichezi. Ya pili ni kitu kingine. Nimepigwa tano na nne zimepita tundu moja. Ukipigwa na ile unahisi umeheshimiwa."

"Polepole," alisema Royce, akilamba penseli. "Rudia hapo kwenye heshima."

Akarudia. Wakaandika. Kisha akauliza, "Nirudi?" na Royce akamwambia arudi, akarudi, akajitundika mwenyewe, na Lonzo akamsaidia pini ya juu ambayo alikuwa haifikii.

Ya tatu ilikuwa ile ndogo ya mfukoni, nyepesi kama simu. Orval alipiga tano, na kila moja ilimrusha mkono juu kama anaomba ruhusa kwa mwalimu. Mtu wa karatasi alikuja na tundu moja sikioni. "Kelele nyingi kuliko kazi," alisema. "Nne zimekwenda mlimani. Hii imenipata sikio, na mimi nilikuwa nimesimama tu." Watu wakacheka mpaka Royce akashika meza.

"Lakini inabebeka," alisema Lonzo. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, anaipima juu chini. "Ukiweka hii mfukoni unaweza kusahau kuwa unayo."

"Hilo ni kweli," mtu wa karatasi alikubali. "Kubeba, tisa. Kupiga, tatu."

Ya nne ilikuwa na kioo juu chenye nukta nyekundu. Mtu wa karatasi alisema inajua inakwenda wapi hata kama mpigaji hajui. Alipokuwa anaeleza zaidi upepo ulikuja kutoka kijitoni ukamchukua, ukampitisha juu ya kofia za watu, ukamweka kwenye mti mkubwa karibu na tawi la pili. Royce akapuliza filimbi. Hakuna anayefyatua mtu akiwa mtini. Wakatumia muda huo kula maharage. Mtu wa karatasi aliendelea kutoa maoni kutoka juu, na waliokuwa na masikio mazuri waliwaandikia wengine. Upepo ulipogeuka alishuka akifurahi, akasema hajawahi kuona kijito kutoka juu, na Nadine akamwekea jiwe kwenye ukingo wa chini ili asiende tena.

Ya tano ndiyo Orval aliyoipenda. Si kubwa, si ndogo, ilijaa mkononi kama yai la bata. Akapiga tano, akaivaa, akaingia na kutoka kwenye pikapu, akainama, akala sahani ya pili. Suruali ilikaa. Alijisikia kijana wa hamsini.

"Hii," alisema.

"Nzuri sana," alisema mtu wa karatasi. "Lakini unalinganisha na nini? Ile ya kiunoni hujaniletea."

Royce akasema ni kweli, sheria inasema ya zamani nayo ipigwe, la sivyo si kulinganisha, ni kununua tu. Basi Orval akaitoa ile ya arobaini na tano, akaenda kwenye mstari, akalenga katikati ya kifua, akapiga tano polepole. Mtu wa karatasi alipoacha kutikisika waliona matundu yote matano kwenye bega la kulia, yamekaa pamoja kama kuku usiku.

Akaja, akajitazama bega.

"Inavuta kushoto kwako," alisema. "Kuhusu uchungu siwezi kusema sana. Mimi ni karatasi. Mwulizeni Lonzo. Yeye alipigwa nayo akiwa na nyama."

Wanachama kumi na saba walimgeukia Lonzo, penseli tayari.

"Haya, Lonzo," alisema Royce. "Tupe ya mbele."

Lonzo alifikiri. Alikuwa mtu mwenye kupenda kujibu vizuri akiulizwa. "Kwanza ilipita mlango wa msonobari," alisema. "Halafu koti. Halafu mimi. Na bado ilikuwa na haraka."

"Uchungu?"

"Mwanzoni hapana. Mwanzoni ni farasi amekupiga teke, na mimi nimepigwa na farasi wengi. Uchungu ulikuja Jumanne."

"Kwa kumi?"

"Nane."

"Kwa nini si kumi?"

"Kwa sababu niko hapa nakujibu, Royce."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka kanisani. Lonzo alicheka mpaka machozi, akayafuta kwa begi la pini. Watu wakaandika nane. Orval naye aliandika nane, chini yake akaandika *inavuta kushoto*, akalitazama lile neno kushoto kwa muda mrefu.

Ikabaki kukumbatiana.

"Nani anamjaribu Orval?" aliuliza Royce.

"Mimi," alisema Lonzo.

Nadine aliacha kijiko kwenye sufuria. Lonzo akaja, akamzungushia Orval mkono wake mmoja, akambana. Alikuwa bado na nguvu za mtu wa farasi. Orval akamkumbatia kwa mikono yake miwili. Mkono wa kulia wa Lonzo ulikuwa katikati yao, umelala tu, una joto, kama mtu wa tatu aliyelala usingizi. Neno likapanda. Likapita kooni, likapita ulimi, likafika kwenye meno. Orval akafungua mdomo karibu kabisa na sikio la Lonzo.

"Umeisikia?" alisema.

Lonzo alisubiri kidogo.

"Sijaisikia," alisema. "Imejificha vizuri. Na ya kwangu?"

Ndipo Orval alipojua Lonzo naye alikuwa amechagua. Ilikuwa ile ndogo, mfukoni, upande wa kushoto.

"Nimeisikia kidogo," alisema Orval. "Hapa ubavuni."

"Nitaisogeza," alisema Lonzo.

Wakaachiana. Kofia ya Orval ilikuwa imedondoka. Nadine alishaifunga sufuria na kwenda kukaa kwenye pikapu, akiangalia mbele.

Sasa, jioni ya Siku ya Kulinganisha watu wote wa karatasi huchomwa kwenye pipa. Ndiyo desturi. Lakini huyu alikuwa ameshavaa miwani na kutoa maoni, na Royce aliona si vizuri. Akamwuliza anajua kazi gani.

"Naweza kugonga," alisema mtu wa karatasi.

Wakasogea karibu. Kwa sababu tangu ile Januari, pale Caney Lick hakuna aliyethubutu hata kusimama barabarani kwa mtu muda mrefu. Honi zilikuwa fupi fupi, na nyingine watu walidhani ni bata. Habari zilikuwa hazifiki. Mzee mmoja alikufa akazikwa, na ndugu yake anayekaa ng'ambo ya barabara alijua siku ya tisa, alipoona gugu limeota kwenye kiti cha barazani. Mahindi yalioza shambani kwa kukosa mtu wa kusema mashine imepatikana.

"Kwangu mimi tundu moja zaidi ni nini?" alisema mtu wa karatasi.

Wakapiga kura. Kumi na saba kwa sifuri. Wakampa fulana ya rangi ya chungwa, ya usalama.

Akawa mjumbe wa bonde lote. Anagonga, anapigwa, anatoa tathmini, anatoa habari. "Mbili kwa haraka, mama, lakini ya pili umefumba macho. Dada yako amejifungua mtoto wa kike." Na yule mama anatoka mbio kumbandika selotepu huku analia kwa furaha. Kwa mchungaji alipigwa moja safi sana, na mchungaji akaomba asiitangaze. Watu walianza kualikana tena. Mikate ya mahindi ilipita nyumba kwa nyumba, amebebeshwa yeye, ikifika na tundu katikati mara mojamoja. Kufika Novemba alikuwa ametobolewa mpaka akisimama kwenye jua kivuli chake kilikuwa na nyota. Kila mtu alisema hajawahi kuona majira ya majani kuanguka yenye ujirani kama yale.

Asubuhi moja Orval alikuwa anakula mkate na mchuzi mweupe wa soseji. Mlango uligongwa mara tatu.

Mkono wake ulikwenda kiunoni kabla ya yeye. Bastola mpya ilitoka kama imepakwa siagi. Alifyatua mara moja kupitia mlangoni, halafu akauliza nani.

"Ng'ombe wako yuko barabarani, Mzee Orval," sauti ilisema kutoka nje. "Na hii mpya haivuti kabisa."

Nadine alifungua. Mtu wa karatasi alisimama barazani na fulana yake. Tundu jipya lilikuwa katikati kabisa ya duara la ndani, pale penye namba kumi. Orval aliinama kuangalia. Kupitia lile tundu aliona theluji ya kwanza, uzio, na Pansy amesimama katikati ya barabara, mzima, mdogo, anatafuna.

Nadine naye aliinama akaangalia. Aliangalia kwa muda.

"Angekuwa Lonzo," alisema, na hakumaliza.

Orval alikaa. Mchuzi uliganda kwenye sahani. Neno likapanda, na mara hii halikusimama popote.

"Samahani," alisema.

Alilisema akiangalia meza. Jiko zima lilisikia.

"Si mimi wa kuambiwa," alisema Nadine, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nenda ukamwambie."

"Niende nikagonge? Nadine, yule mtu ana bastola."

Ilikuwa kweli.

"Mimi nitakwenda," alisema mtu wa karatasi.

"Mwambie," alisema Orval, "mwambie Orval Stumbo anasema samahani. Kwa mkono. Kwa farasi. Samahani kwa yote. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

Mtu wa karatasi akaondoka akipepea kuvuka kijito. Nadine akavuta kiti, akapanda, akashusha bati la kwanza kutoka juu ya kabati. Akashusha la pili. Akayaosha yote saba, akatoa mfuko wa matofaa makavu aliokuwa ameuficha nyuma ya unga miaka miwili, akaloweka. Akaanza kusukuma unga akiimba ule wimbo wa pili, ubeti wa tatu. Orval akaimba naye sauti ya chini. Harufu ya mdalasini ilijaa mpaka dirisha likatokwa na jasho. Alimshika Nadine kiuno, Nadine akampaka unga puani, na hao wawili, miaka mia moja arobaini na moja kwa pamoja, walizunguka jiko kama wako kwenye ngoma ya harusi.

Ng'ambo ya kijito kulisikika mlio mdogo, mkali, wa kelele nyingi. Halafu mingine mitano.

Nadine aliacha kusukuma.

Mtu wa karatasi alirudi baada ya nusu saa. Alikuwa na tundu jipya moja tu, pale ambapo mdomo ungekuwa.

"Umemwambia?" aliuliza Orval.

"Nimemwambia mara tatu. Yote, sikupunguza."

"Akasemaje?"

"Hakusikia. Alikuwa amevaa vizibo masikioni." Mtu wa karatasi alijaribu kukumbuka vizuri. "Na miwani. Nilimwona dirishani. Anafuata sheria, Lonzo. Alipiga zote sita, akasubiri, akafunga pazia. Kwa mkono wa kushoto si vibaya. Nampa tano."

Orval alichukua daftari lake juu ya friji.

"Inavuta?"

"Kidogo. Kulia."

Orval akaandika *kulia, kidogo*.

"Nirudi kesho?" aliuliza mtu wa karatasi.

"Rudi kesho."

Nadine alimbandika selotepu mdomoni, taratibu, akailainisha kwa kidole gumba. Kisha akafuta mabati saba, akapanda kiti, akayarudisha moja moja juu ya kabati. Orval alivaa koti. Alikaza mkanda kwenye tundu la nane, akagusa ala ya bastola, suruali ikakaa vizuri kabisa, akatoka kwenda kumtoa ng'ombe barabarani.